Bell wa Karamoja: Mchuuzi wa pembe aliyeamini risasi ndogo

Mfanyabiashara anayetoka Area 25 jijini Lilongwe kwenda mpaka wa Songwe hupita Kanengo, huiacha njia ya kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, hupita Mponela na baada ya hapo huingia Kasungu. Magharibi ya mji huo, hadi mpaka wa Zambia, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kasungu. Julai 2022 ndovu 263 waliletwa huko kutoka Hifadhi ya Liwonde, kusini mwa Malawi. Tangu wakati huo vijiji vya pande zote mbili za mpaka vimezika watu na kupoteza mashamba ya mahindi. Kwa hiyo limerudi swali la zamani ambalo wasafiri wa njia hiyo walidhani limebaki kwa mababu: mtu akikutana uso kwa uso na ndovu dume aliyekasirika, ni bunduki gani itakayomwokoa, na risasi gani?

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita swali hilo lilijibiwa na Mskoti mmoja kwa namna iliyowaudhi wenzake. Jina lake lilikuwa Walter Dalrymple Maitland Bell, lakini kutoka Mombasa hadi Mto Naili alijulikana kama Karamojo Bell, kwa sababu ya miaka yake ya uwindaji katika nchi ya Wakaramojong, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo. Aliua ndovu 1,011. Kati ya hao, kama 800 aliwaua kwa bunduki ambayo wawindaji wengi wa zama zake wangeichukua kwenda kutafuta swala wa mboga.

Bell alizaliwa Septemba 8, 1880, karibu na Edinburgh, katika familia yenye mali. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka miwili, baba akafuata alipokuwa na sita. Kaka zake wakabaki na mzigo wa kumlea kijana asiyetaka shule. Alitoroka, akarudishwa, akatoroka tena. Akiwa na miaka 13 walimpeleka baharini, wakitumaini kwamba kazi ya meli itamtuliza. Haikumtuliza. Kichwani alikuwa na jambo moja tu, kuwinda ndovu Afrika, na mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 16, alishuka Mombasa na bunduki moja begani.

Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Simba walikuwa wakiwala vibarua, na kijana huyo akapata kazi ya kuwalinda. Bunduki yake ilitengenezwa na Fraser wa Edinburgh, ya kipenyo cha .303, yaani inchi 0.303, na ilikuwa ya risasi moja moja: unapiga, unafungua, unatoa ganda tupu, unatia nyingine. Huko Uskoti kwenye baridi ilifanya kazi vizuri. Kwenye jua la nyika ya pwani ganda lilivimba ndani ya mtutu likagoma kutoka. Mtu amempiga simba risasi moja, simba hajafa, na bunduki mkononi imegeuka kuwa fimbo. Bell alitoka salama katika kazi hiyo, lakini ganda lile lililokwama linaeleza karibu kila uamuzi aliofanya baadaye.

Fedha zilipokwisha hakurudi nyumbani kutulia. Alikwenda Kanada kwenye mbio za dhahabu za Yukon, dhahabu hakuipata, akaishi kwa kuwinda nyama ya kuuza katika mji wa Dawson. Mwenzake wa biashara alikuwa ndiye anayepeleka nyama mjini na kupokea fedha. Siku moja mwenzake huyo alitoweka na fedha zote. Wafanyabiashara wa mipakani wanaijua hadithi hiyo bila kuisimuliwa. Bell aliuza alichobaki nacho, akajiandikisha katika kikosi cha Kanada cha wapanda farasi kilichokwenda vita vya Makaburu Afrika Kusini, kwa sababu kikosi hicho kilikuwa kinatoa nauli ya bure kurudi Afrika. Huko alitekwa, akatoroka. Makaburu waliokuwa wakipigana nao walibeba bunduki za Mauser za Kijerumani za milimita 7, na majeshi ya Uingereza yalijifunza kwa uchungu jinsi risasi ile nyembamba inavyofika mbali na kupenya.

Vita vilipokwisha mwaka 1902 akarudi Afrika Mashariki. Safari hii alikuja kama mfanyabiashara.

Karamoja na Waswahili wa Manimani

Njia ya Karamoja ilianzia Mumias, kituo cha mwisho cha serikali upande ule, ikazunguka Mlima Elgon, ikashuka kwenye tambarare kavu ambako hakukuwa na bendera ya mtu yeyote. Bell hakuwa wa kwanza kufika. Mahali palipoitwa Manimani alikuta kambi ya misafara ya Waswahili kutoka pwani, watu wa kazi ileile iliyowafikisha wenzao Nkhotakota kwa Jumbe na Karonga kwa Mlozi, katika Malawi ya leo, miaka mingi kabla ya hapo. Walikuwa wakinunua pembe. Mwanzoni ushanga na waya vilitosha kwa pembe kubwa, kwa kuwa Wakaramojong waliwanasa ndovu kwa mitego na hawakuwa na matumizi makubwa ya meno yake. Baadaye ushanga haukukubalika tena. Bei ikawa ng'ombe, na ng'ombe walitafutwa kwa njia ambazo si zote zilikuwa za haki. Misafara kadhaa ilishambulia vijiji ili ipate mifugo ya kununulia pembe, na nchi nzima ikawa na hasira na mgeni yeyote mwenye bunduki.

Bell aliona hesabu tofauti. Badala ya kununua pembe, aliamua kuua ndovu mwenyewe na kununua habari. Alitangaza kwamba atakayempeleka mahali penye ndovu dume wazuri, na ndovu wakapatikana, atapewa ng'ombe. Habari zikaanza kumiminika. Mkaramojong mmoja aliyeitwa Pyjale akawa mfuatiliaji wake wa nyayo na mwenzake wa karibu, na bila macho ya Pyjale na wenziwe Bell asingekuwa na hadithi yoyote ya kusimulia. Vitabu vingi vya uwindaji hupita haraka hapo. Wazungu wenye shabaha nzuri walikuwa wengi. Aliyejua ndovu amepita jana jioni au leo alfajiri, kwa kutazama jani lililovunjika tu, alikuwa mtu wa nchi ile.

Msafara ulikuwa mradi wa biashara, na Bell aliuendesha kwa daftari. Aliandika kila risasi iliyotoka, kila ndovu aliyeanguka, uzito wa kila jozi ya pembe. Alikokotoa kwamba kila dume aliyempata alimgharimu wastani wa maili 73 za kutembea kwa miguu, karibu kilomita 117, na kwamba katika mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Hesabu hiyo ya viatu ndiyo inayofungua suala la bunduki. Anayetembea kilomita 117 kwa kila ndovu hupima kila gramu anayobeba.

Bunduki kubwa na bunduki ndogo

Wakati ule mawazo ya wengi yalikuwa wazi: mnyama mkubwa, bunduki kubwa. Viwanda vya London vilikuwa vikitengeneza bunduki za mitutu miwili za kipenyo cha .577 na .600. Risasi ya .600 ilikuwa na uzito wa gramu 58 hivi, na bunduki yenyewe ilikaribia kilo saba. Ya .577 ilirusha risasi ya karibu gramu 49 na ilikuwa na uzito wa kama kilo sita. Teke lake begani lilikuwa la kumyumbisha mtu mzima. James Sutherland, Mskoti mwenzake Bell aliyewinda miaka mingi Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliitegemea .577 na hakutaka kusikia habari ya kitu chepesi.

Bell alianza safari za Karamoja na bunduki mbili za .303 pamoja na moja ya mitutu miwili ya .450/400, yenye risasi ya gramu 26. Alizitumia zote kwa ndovu, akaandika matokeo. Daftari lilimwambia jambo ambalo halikupendeza masikio ya wenye viwanda: ndovu aliyepigwa ubongoni kwa .303 alianguka papo hapo sawasawa na aliyepigwa ubongoni kwa ile kubwa. Na ndovu aliyepigwa mahali pasipofaa alikwenda zake, iwe kwa risasi ndogo au kubwa.

Basi swali la ukubwa wa risasi likageuka kuwa swali la mahali. Bell alipasua kichwa cha ndovu kwa msumeno ili aone ubongo ulipo. Fuvu la ndovu linatisha kwa ukubwa, lakini sehemu kubwa ya mbele si mfupa mgumu. Ni mfupa wenye vyumba vidogo vidogo vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo, wenye ukubwa wa mkate, umelala nyuma na chini, usawa wa matundu ya masikio. Anayelenga paji la uso kama anavyolenga ng'ombe atapiga mfupa mtupu juu ya ubongo, na ndovu atamfuata. Bell alijifunza kuufikia ubongo huo kutoka kila upande: mbele, ubavuni, hata kutoka nyuma kwa mshazari kupitia misuli ya shingo, pigo ambalo hadi leo wawindaji wanaliita kwa jina lake.

Ili kufika huko, risasi haihitaji unene. Inahitaji kwenda moja kwa moja bila kupinda wala kupasuka. Risasi yenye ncha laini ya risasi tupu hutanuka inapogonga nyama, na kwa swala hiyo ni sifa, lakini kwa ndovu hupoteza nguvu ndani ya mfupa kabla ya kufika. Inayofaa ni ile iliyovikwa gamba gumu la chuma lote, kama za majeshi. Tena iwe ndefu kwa unene wake, kwa sababu risasi ndefu na nyembamba hushika njia yake ndani ya mwili vizuri kuliko fupi na nene.

Hapo ndipo alipofikia chaguo lake. Rigby wa London walikuwa wakichukua mitambo ya Mauser kutoka Ujerumani na kuiunda upya kuwa bunduki za uwindaji za kipenyo walichokiita .275. Wajerumani wenyewe waliita risasi hiyo 7x57: milimita 7 za kipenyo, milimita 57 za urefu wa ganda. Ilikuwa risasi ileile ya Makaburu. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 11 tu, moja ya tano ya kile cha .600. Bunduki nzima ilikuwa na nusu ya uzito wa ile kubwa.

Alikuwa na sababu zake, na hazikuwa zote za shabaha.

Kwanza, aliibeba mwenyewe. Mwenye bunduki ya kilo saba humpa mtu mwingine aibebe, na ndovu anapotokea ghafla kwenye kichaka, bunduki iko hatua tano nyuma mikononi mwa kijana ambaye, kwa akili timamu kabisa, ameamua kukimbia. Bunduki ya Bell ilikuwa mkononi mwake tangu alfajiri. Njiani aliizoeza mikono yake kwa kuilenga tupu, bila risasi, kwenye jiwe, kwenye ndege, kwenye kisiki, mara mamia kwa siku, hadi kuinua na kulenga kukawa kama kuonyesha kwa kidole.

Pili, haikupiga kelele nyingi wala teke. Ndovu walioshtushwa na mlio mkubwa hutimka wote pamoja, lakini mlio mwembamba wa .275 mara nyingi uliwaacha wenzake aliyeanguka wakisimama na kushangaa, na Bell akapata wa pili na wa tatu. Hii ni sehemu ya hesabu ambayo msomaji wa leo huisoma kwa moyo mzito, lakini ndiyo iliyojaza maghala yake.

Tatu, mizigo. Risasi moja nzima ya .577, pamoja na ganda na baruti, ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya ile ya .275. Kwa msafara unaokaa porini mwaka mzima, tofauti hiyo ni wapagazi, na mpagazi anayebeba risasi habebi pembe. Yeyote anayejua bei ya kupakia gunia la ziada juu ya basi la Mzuzu ataielewa hoja hiyo bila kushika bunduki.

Sababu ya nne ndiyo aliyoijali kuliko zote: uaminifu wa risasi yenyewe. Bell aliwahi kuwa na bunduki ndogo ya Mannlicher-Schönauer ya milimita 6.5 kutoka Austria, akaipenda kwa uzuri na wepesi kuliko nyingine zote. Akaiacha. Risasi alizozipata zilikuwa na kasoro. Alitumia pia .318 ya Westley Richards, yenye risasi ya gramu 16 na nguvu zaidi, na mwenyewe alikubali kwamba iliua vizuri. Nayo ikamletea risasi zisizoaminika. Ukivuta kifyatulio ukasikia mlio mkavu tu wa chuma mbele ya ndovu aliye hatua kumi, sifa zote zilizoandikwa kwenye karatasi za kiwanda hazina maana. Risasi za kijeshi za Kijerumani za milimita 7 zililipuka kila mara. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Baadhi ya risasi za .318 zilizobaki alizimaliza kwa kuwapiga ndege wakiruka juu ya ziwa, na watazamaji wakadhani anatumia bunduki ya marisau.

Na mtambo wa Mauser una ukucha mpana wa chuma unaoikamata risasi mara tu inapotoka kwenye magazini na hauiachii hadi ganda tupu litupwe nje. Ganda likivimba kwa joto, ukucha unalivuta kwa nguvu. Kijana wa miaka 16 aliyesimama mbele ya simba na ganda lililokwama alikuwa amepata dawa yake.

Lado, ndege na uzee

Karamoja ilimtajirisha, kisha serikali ikafika na vibali vyake, na Bell akasogea. Alikwenda Uhabeshi, halafu akavuka Naili kuingia Lado, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Sudan Kusini na West Nile ya Uganda, jirani kabisa na Kongo. Wakati huo Lado ilikuwa imekodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake tu. Leopold alipofariki Desemba 1909, Wabelgiji wakaanza kufungasha, na eneo lilikabidhiwa kwa Sudan katikati ya 1910. Katika miezi hiyo ya katikati Lado haikuwa na mwenyewe, na kila mwenye bunduki kutoka Nairobi hadi Khartoum alivuka mto. Nyasi za huko hupita urefu wa mtu. Bell alikuwa akipanda juu ya ndovu aliyekwisha kufa ili aone wengine walipo na kuwapiga akiwa hapo juu. Hakuna picha inayoonyesha vizuri zaidi ni kazi ya namna gani.

Baada ya Lado aliwinda Liberia, Ivory Coast na misitu ya Kongo ya Wafaransa na ya Wabelgiji. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka aliacha pembe, akaenda Uingereza kujifunza urubani, na akarudi Afrika Mashariki kama rubani wa kijeshi dhidi ya Wajerumani, juu ya Tanganyika ya baadaye. Mara nyingine aliruka bila mwangalizi wa kukaa naye kwenye ndege, apate kuona vizuri na kufanya kazi peke yake, kama alivyozoea. Alipata nishani ya Military Cross, mara mbili. Alimwoa Kate Soares, akawinda Afrika kidogo tena baada ya vita, kisha akatulia Corriemoillie, kaskazini mwa Uskoti, akipiga kulungu na kuendesha mashua ya tanga. Mwaka 1923 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake chenye michoro ya mkono wake mwenyewe, na kingine juu ya Karamoja mwaka 1949. Alifariki Juni 30, 1954, na cha tatu kikatolewa baada ya kifo chake.

Vitabu hivyo vilifanya kazi ambayo huenda hakuitarajia. Vijana walivisoma, wakanunua bunduki za milimita 7, wakaja Afrika bila msumeno wa kupasulia fuvu, bila miaka ya kuzoeza mikono na bila Pyjale.

Mpinzani wake mkubwa kwa hoja hakuwa Sutherland, alikuwa John Taylor, Mwairishi aliyeitwa Pondoro, aliyewinda bonde la Zambezi upande wa Msumbiji na pia Nyasaland, Malawi ya leo. Taylor alichapisha mwaka 1948 kitabu kizima juu ya bunduki na risasi za Afrika, na hoja yake ni nzito. Alikubali kwamba risasi ndogo ikifika ubongoni inaua. Lakini porini risasi haifiki kila mara ubongoni. Ikipita kando yake kwa upana wa vidole viwili, risasi ndogo inamwacha ndovu macho na amejaa hasira, wakati risasi nene na nzito humzimisha kwa kishindo, akaanguka amezirai, na mwindaji akapata nafasi ya risasi ya pili. Taylor alitunga hata hesabu ya kupima kishindo hicho: uzito wa risasi, mara mwendo wake, mara unene wake. Kwa hesabu hiyo .275 iko chini sana kwenye orodha na .600 iko juu kabisa.

Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa mazingira yake. Bell alichagua siku, akachagua upande wa upepo, akachagua ndovu yupi, na kama mahali hapakuwa pazuri angeweza kuondoka na kurudi kesho. Askari wa wanyamapori anayeitwa usiku kwenye shamba la mahindi pembeni mwa Kasungu hachagui chochote. Ndovu ameshajeruhi mtu, giza limetanda, mahindi yamezidi kichwa, na wanakijiji wako nyuma yake wanapiga madebe. Kwa mtu huyo hoja ya Taylor ndiyo yenye uzito, na serikali nyingi ziliifuata. Tanzania, kwa mfano, inataka bunduki isiyopungua kipenyo cha .375 kwa wanyama hatari kama ndovu na nyati. Risasi hiyo, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ina kichwa cha gramu 19, ni nzito kuliko ya Bell na nyepesi kuliko ya Sutherland, na mtu wa kawaida anaweza kuipiga bila kuogopa bega lake. Bell angevunja sheria hiyo kila siku ya maisha yake.

Kuna sehemu ya hoja yake, hata hivyo, ambayo hakuna sheria iliyoifuta. Bunduki nzito inayomtisha mwenye kuishika hukosa shabaha, kwa sababu jicho hufumba kabla ya mlio. Risasi iliyokaa ghalani miaka kumi kwenye joto na unyevu ni ya kutiliwa shaka hata kama ganda lake linang'aa. Na asiyejua ubongo ulipo hataokolewa na unene wa mtutu.

Kuhusu pembe zenyewe, biashara aliyoifanya Bell waziwazi, kwa mizani na stakabadhi, leo ina jina jingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya kimataifa ya pembe ikafungwa kwa uamuzi wa CITES wa mwaka 1989. Mei 2013 maofisa wa forodha wa Malawi walisimamisha lori kaskazini mwa nchi, kwenye njia hiyohiyo ya Songwe, likitoka Tanzania na shehena ya saruji. Chini ya mifuko kulikuwa na vipande 781 vya pembe, tani 2.6. Mahakama iliwatoza wahusika faini, na wengi wakaiona ndogo mno kwa mzigo wa thamani ile. Pembe zenyewe ziliteketezwa kwa moto Mzuzu Machi 2016, na mwaka uliofuata Malawi ikabadilisha sheria: makosa makubwa ya wanyamapori sasa yanaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 30. Mabasi na malori yanayotoka Area 25 hupekuliwa kwa sheria hiyo.

Bunduki za Bell zilitawanyika. Moja ya zile Rigby za .275 ilinunuliwa London na mwandishi Mmarekani Robert Ruark, akaitoa zawadi kwa mtoto wa Harry Selby, mwindaji mashuhuri wa Kenya. Ilikaa na familia ya Selby miaka mingi, kisha kampuni ya Rigby ikainunua tena, na ikarudi London, kwa watu walioiunda.